Dimitri Alikufaka Siku Gani

Banc yetu iko mu Dilala, ku ukuta ya radio, fasi batu banapitaka na makaratasi ya bafu yabo, bale balikufa. Ni mbao moya murefu yenye ilitoka ku nyumba ya zamani ya kampuni, banaiweka juu ya matofali, na katikati inapinda juu ya uzito ya Tata Kabemba. Tunamuitaka Archives, juu alikuwaka clerc wa kuandika makaratasi, na kila kintu unasema, ye anasema iko na dossier yake fasi fulani. Ku mukono yake ya kuume anaikalaka Donatien wa ku moto, pikipiki ya kubeba batu, Antenne kwa jina ya barabara, mwenye anashikaka habari mbele ifike ku radio. Mi niko ku mwisho, guu moya ku banc, guu moya ku moto yangu, juu sijue kuikala. Bananiitaka Turbo, Guelord ni jina ya ku ubatizo. Yaya Jémima anauzishaka kawa na mikate ya mafuta, na pale kawa inaisha, kikao inaisha. Njo sheria. Hata kama uko mu katikati ya neno, unameza.

Ile kazi tano, siku ya Ijumaa, tulikuwa tunabishana juu ya Nkongolo.

Zamani Nkongolo alikuwa wa kwetu, aliikala hapa hapa kwenye mbao inapinda. Kazi yake ilikuwa kusoma ku radio communiqué ya bilio, matangazo ya batu bamekufa. Mutu akifiwa, mbele ya kuingia anapita kwanza ku banc. Nkongolo anatosha bic yake ya kuandika, anamuuliza pole pole: jina ya baba, jina ya mama, batoto, bazukulu, bashemeji, hata jirani mwenye alikuwa anamuletea maji. Kisha anaingia, anasoma bote, haruke hata jina moya. Batu ba mbali, ba Lubudi, banasikia, banapanda train ao kamyo, banafika ku kilio. Bila ile sauti, mutu alikuwa kama hajakufa muzuri.

Siku moya mama ya mukubwa moya wa politique akakufa. Jina ya ule mukubwa tuache. Nkongolo akasoma bandugu makumi ine na saba, na ku jina ya mwisho sauti ikapasuka kidogo. Banasema mukubwa alilia mu gari. Kesho yake akatuma batu bamutafute. Njo vile Nkongolo akakuwa attaché de presse: chemise nyeupe, simu mbili, kusimama nyuma ya mukubwa na kuambia bajournaliste kile mukubwa alitaka kusema. Kisha, hii mwaka, mukubwa akatoshwa ku kiti. Tukasema sawa, Nkongolo atarudia ku banc. Archives hata alijisogeza. Hakurudia. Alifungua bureau, akaandika ku mulango Consultant en communication, na sasa makampuni njo inamuita pale kuko matata na population.

— Lakini consultant njo nini kabisa? Antenne akauliza, alafu akajijibu ye mwenyewe. — Ni attaché de presse mwenye hana tena na shefu.

— Hapana, Archives akasema. — Ni mutu mwenye iko na dossier. Mukubwa anaanguka, mwenye kubeba dossier yake haanguke. Banamushusha pole pole, kama mayai.

Antenne akacheka, akasema dossier ni mambo ya bazee. Leo banalipa mutu juu ya maneno yenye hasemi. Ye mwenyewe alibeba ku moto mufagiaji wa ile bureau, na ule mutu alimwambia kama mule ndani hamuna kelele hata kidogo, batu banaandika tu, banafuta, banaandika.

Njo pale Yaya Jémima, mwenye haingilie mara mingi, akaleta neno yake. Akasema kila kazi tano jeep ya Nkongolo inasimama hapa. Kioo inashuka kama kiganja moya, mukono inatoka, inaonesha bidole sita. Mikate sita. Hasemi jambo, hasemi aksanti. Tangu mwezi ya pili hajasikia sauti yake.

Basi pale mawazo ikapanda moto. Antenne akaapa kama sauti iliuzishwa. Mukubwa aliibeba na machine, sasa iko mu simu yake, na hata Nkongolo akilala, sauti inaweza kusoma kintu yoyote banaiambia isome. Archives alikunywa kawa yake mpaka ku matope ya chini, akasema, hapana, si machine.

— Ile sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya bafu. Balimukopesha juu abasome. Siku alianza kusoma bintu ingine, bakaikamata.

Antenne akanigeukia mi.

— Muulize Turbo. Ye njo star, alipigwaka photo naye.

Nilifanya kama niko naangalia pneu ya moto yangu.

Hii ya photo, batu ba banc banaijua, lakini mwenye hajui nitamwambia. Tarehe sita ya mwezi ya pili, shimo moya ya kuchimba mawe, upande ya Mutoshi, ilianguka. Mi nilikuwa juu, navuta kamba ya mifuko. Dimitri alikuwa chini. Dimitri, tulikulaka naye sahani moya tangu école primaire, na mi niliacha ku ya tano, ye ku ya sita, na kila siku alikuwa ananikumbusha ile mwaka moya. Mangaribi Nkongolo, ile wakati bado attaché wa mukubwa, akafika na mutu wa caméra. Akachagua sisi benye tulikuwa juu, akatupatia casque mupya ya manjano, kofia nguvu ya machimbo, akasema simameni karibu karibu, mucheke kidogo, ni kwa kuonesha bazazi kama muko bazima. Nikacheka. Nilifikiri ni photo kwanza, kisha tunachimba. Chini ya photo baliandika: hakuna mutu alikufa. Kesho yake machine ya udongo ikapita pale, ikalinganisha yote, na sasa hata mi nikienda sitajua ni fasi gani.

Ile casque njo naivalaka ku moto.

Pale pale mama moya akatoka ku mulango ya radio na karatasi mu mukono. Hatukumuonaka ku banc tangu miaka mingi, lakini mi nilimujua. Mama Blandine, mama ya Dimitri. Nikatosha casque, nikaiweka nyuma ya guu yangu.

Akatusalimia bote, Archives kwa tata, Jémima kwa mwanangu, akalomba kuikala kidogo. Akaeleza bila haraka, kama mutu mwenye amekwisha kueleza fasi mingi. Bandugu ba Lubudi, ba upande ya bwana yake, habakuya ku kilio ya mutoto, juu habakusikia ku radio. Banasema kama bakubwa balisema hakuna mutu alikufa, basi pengine Dimitri alikimbia Zambie akaacha bibi. Na bila bao kilio haiwezi kumalizika. Princesse, bibi ya Dimitri, iko na nguo nyeusi miezi munane sasa. Hawezi kuivua, hawezi kurudia kwa baba yake, si mujane, si bibi ya mutu.

— Na ku radio banasema nini, mama? Archives akauliza.

— Banasema ile tarehe haiwezi. Kuko karatasi ya bakubwa ya ile siku. Ule binti wa mule ndani iko na huruma, akaniambia, mama, chagua tarehe ingine, hata ya kesho yake, tutasoma.

Archives akafungua mukono juu amusaidie kuandika. Lakini pale pale jeep ikasimama.

Kioo ikashuka kiganja moya. Bidole sita. Jémima akaanza kufunga mikate mu karatasi. Mama Blandine akasimama, akafika ku kioo, akainama.

— Tata Nkongolo. Njo we uliandikia bwana yangu. Niandikie na mutoto.

Kioo haikupanda. Kisha mulango ikafunguka, na Nkongolo akashuka, biatu yake safi mu vumbi yetu. Alizeeka. Hakutuangalia. Archives akasogea bila kuambiwa, na Nkongolo akaikala kwenye mbao inapinda kama mutu mwenye alitoka pale jana. Akajipapasa mu mifuko, akakosa. Antenne akamupatia bic.

— Jina yote, mama.

Archives akaniangalia, mi nikaangalia Archives. Sauti ilikuwa ile ile. Imekauka kidogo, lakini ile ile.

Mama akasema, ye akaandika. Baba, marehemu. Mama, Blandine, iko muzima. Akauliza bandugu bakubwa ba Dimitri, akauliza badogo. Akauliza bashangazi ba Lubudi, na pale mama alisahau mumoja, ye njo akamukumbusha: na ule wa karibu ya gare ya train, Henriette, mwenye alikuyaka na kuku ku kilio ya bwana yako, bado iko? Mama akafurahi kidogo, akasema iko, macho tu njo haione tena. Akaandika Henriette. Mi ile saa nilijisahau. Nilikuwa naona train inatoka Lubudi, na ile mama kipofu ku dirisha, banamushika mukono.

— Bibi?

— Princesse.

— Batoto?

— Mumoja. Agnès. Alizaliwa mwezi ya ine.

Bic ikasimama. Mwezi ya ine, Nkongolo akarudilia pole, akaandika. Kisha, na bila kuinua kichwa, kwa mazoea ya miaka yote ile, na ile sauti yake ya kuuliza muzuri:

— Na alikufa tarehe gani?

Nafikiri sisi bote tulisikia uzito ya ile swali, ye mwenyewe njo alisikia wa mwisho. Bic ikabaki juu ya karatasi, wino ikafanya alama kadogo pale.

— Njo ile nilitoka kuuliza, tata, mama akasema. Hakukasirika. — We unajua hizi karatasi. Unaniambia niandike gani?

Nkongolo akakausha uso na kitambaa. Akasema kuko namna. Akasema bintu mingi mu maisha iko na namna ya kuisema, bila kuumiza mutu, bila kuleta matata ku radio. Akaonesha na bic ile nafasi ya tarehe.

— Tunaandika hivi, mama: alituacha siku ile Mungu alipenda. Batapokea. Ni maneno muzuri. Batu ba Lubudi batasikia, batakuya.

Mama Blandine akaangalia ile nafasi. Hajui kusoma sana, lakini nafasi tupu kila mutu anaijua.

— Mungu alipenda siku gani? akauliza.

Nkongolo akafungua kinywa. Mi nilimuona. Archives mwenye dossier ya kila kintu aliangalia mu kikombe. Antenne aliangalia barabara. Na Nkongolo, katikati yabo, kinywa wazi, kama radio yenye banatosha ku umeme.

Kisha akafunga bic. Akaiweka juu ya karatasi, pole pole, akaweka karatasi juu ya magoti ya mama, akasimama. Akaingia mu jeep. Mikate sita ilibaki ku mukono ya Jémima, mafuta inapenya karatasi.

Antenne alikuwa na theory, niliiona inapanda mu shingo. Akaimeza.

Jémima akainamisha birika, akatikisa, hakuna kintu kilitoka. Akasema pole, kawa inaisha. Siku zote pale anasema vile, tunasimama bote mara moya, kila mutu na njia yake. Ile siku hakuna mutu alisimama. Mama Blandine alikuwa anakunja ile karatasi mara mbili, mara ine. Kisha akanigeukia. Aliona casque nyuma ya guu yangu, najua aliiona, ni ya manjano.

— Guelord, akasema. Hakuniita Turbo. — Sitakuuliza tarehe. Uniambie tu, ile siku, mvua ilinyesha?

Kila mutu wa Dilala anakumbuka ile mvua; ukisema mvua, banajua siku, hata bila tarehe. Ilibomoa kipande ya ukuta ya radio, hata leo haijajengwa.

— Ilinyesha, mama, nikasema. — Asubui kulikuwa jua. Kisha ikanyesha.

Akaitika na kichwa. Akajisogeza ku mbao, akaacha fasi kadogo ku upande yake, na mi, mwenye sijue kuikala, nikaikala.