Zaprian Chaushev na Matundu ya Kiriba Chake

Marehemu mjomba wangu, Zaprian Chaushev, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Kestenyak, katika milima ya Rodopi, mtoto wa pili wa Asen, mchunga kondoo, na mkewe Dona. Mjane wake, Sevda, ameniagiza nisome wasifu huu bila kuficha. Tangu mwaka 1988 mnanong'ona ni nani aliyetoboa gaida yake, zumari lake la kiriba, na mmemtaja Velin Kisyov. Leo, kabla hatujafukia, hilo nalo litasemwa.

Alisoma shule ya hapa hapa hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1955. Mwalimu alilalamika kwamba vidole vyake havitulii juu ya dawati. Mkate wake aliukalia hadi mapumziko, wenzake wasije wakaumega.

Alichunga kondoo wa ushirika, huku akitengeneza gaida, na hakuamini mikono ya fundi mwingine. Ngozi ya mbuzi aliichuna nzima, akaitia chumvi, akaigeuza manyoya yakae ndani, yanywe unyevu wa pumzi. Shingoni alifunga bomba la vidole. Mguu mmoja wa mbele ulipata bomba la kupulizia, lenye kilango cha ngozi kinachozuia pumzi isirudi. Mwingine, bomba refu la kuvuma. Mpigaji akivuta pumzi, kiwiko kinakamua kiriba, na sauti haikatiki. Akimaliza kupiga, alichomoa utete unaotoa sauti na kulala nao chini ya mto.

Alimuoa Sevda tarehe 2 Oktoba 1966, akajipigia mwenyewe gaida harusini, jicho likimfuata mpishi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Yana. Nje ya nyumba yake, aliyeruhusiwa kuigusa gaida alikuwa Velin peke yake, pacha wake wa kupiga.

Agosti 1988, kwenye tamasha la mlimani, kiriba kipya kilikohoa mbele ya umati kisha kikanywea. Kilikutwa na vitundu vya duara, kama vya sindano ya mshona viatu. Asubuhi ile Velin alikuwa amekishika. Mjomba alimwambia palepale, watu wakisikia, "Nimekulisha mezani kwangu, nawe umenitoboa."

"Zaprian, tunapiga pamoja," Velin akajibu. "Ukiaibika wewe, mimi nabaki na nini?"

Nani alimsikiliza? Hakuna nyumba iliyomwita Velin tena kupiga harusini. Sisi jamaa tulipita mlangoni kwake bila salamu, na akisimama dirishani tulisema anatupeleleza.

Mapafu yalianza kumsumbua marehemu mwaka 2016. Dawa hakumeza mpaka Sevda aonje kwanza. Mwezi uliopita Velin alileta jibini hadi getini. Mjomba akaamuru jibini hilo apewe mbwa, tuone. Mbwa mzima hadi leo, na kanenepa. Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2019.

Sevda alitaka gaida ile ile ilie kaburini, nikaifungua niizibe. Mjomba hakuwahi kuruhusu igeuzwe tena. Nilipoigeuza, nilikuta kila kitundu kina ukingo wa kovu, na manyoya yameota kukizunguka. Wachungaji mliopo mnajua maana yake. Yale ni matundu ya mabuu ya nzi, wanaokua chini ya ngozi ya mbuzi majira yote ya baridi na kutokea mgongoni baridi inapoisha, mwezi wa tatu hivi. Utando mwembamba wa kovu ulishika kwa muda, kisha ukapasuka kwa pumzi na joto. Sindano haiachi kovu kwenye ngozi iliyokufa. Kwa sababu ya mabuu hayo, mbuzi wa gaida huchinjwa kabla ya baridi.

Sevda aliipapasa ngozi akalia. "Alikuwa na haraka ya tamasha, akachinja mwezi wa tatu," akaniambia. "Miguu niliishika mimi. Nenda kasome hivyo hivyo, Velin asikie."

Nampenda mjomba wangu, na nina uchungu naye. Alimchunguza kila mtu, asimchunguze mbuzi.

Ameacha mjane, Sevda, binti, Yana, dada yake Todora, ambaye ni mama yangu, na Velin Kisyov, pacha wake wa kupiga, ambaye hakumkosea lolote. Velin, nakuona hapo nje ya uzio. Ingia. Gaida anayo Sevda, imeshazibwa, inakungoja.

Nawe mjomba, pumzika. Hakuna aliyekuwa akikuwinda.