Radi, Fundi Cherehani Aliyemwaga Glasi ya Maji kwa Noti Moja

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Radi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mama alikuwa akisimulia kwamba alilia kwa nguvu hadi walinzi wa kiwanda wakaja kuuliza kulikoni. Mdogo wake wa pekee, anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka kumi baadaye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Hakuendelea, kwa sababu baba aliugua macho na cherehani ilihitaji mtu. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa tayari anashona sare za shule. Sare zote alizovaa mdogo wake, tangu darasa la kwanza hadi la mwisho, zilitoka mkononi mwake, na kila sketi aliiachia pindo refu ili iteremshwe mwaka unaofuata. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kushona ilikuwa kazi yake. Gitaa la besi lilikuwa maradhi yake. Alijiunga na bendi mwaka 1985, na huko akakutana na mchomeleaji aliyeitwa Kifaru, mpiga besi wa bendi pinzani. Wakawa kama chanda na pete. Kila Jumapili alasiri wapiga besi wa mji mzima walikusanyika katika uwanja wa seremala aliyewatengenezea maboksi ya spika, kila mmoja na amplifaya yake, kutambiana. Hakuna aliyepiga wimbo. Glasi iliyojaa maji hadi ukingoni iliwekwa juu ya kigoda, hatua kumi mbele, na kila mtu alipiga noti moja tu, ya chini kuliko zote. Aliyemwaga maji mengi ndiye mshindi, na walioshindwa walitaniwa wiki nzima. Kaka alianza na wati mia mbili. Kifaru akaja na mia tano. Kaka akaja na elfu moja. Wake zao walikoma kuhesabu.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Siku ya kujitambulisha ukweni alifika na amplifaya juu ya mkokoteni, akapiga noti moja ya salamu, na sahani tatu zikaanguka kabatini. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Baba, umekuja kuoa au kubomoa?" Walijaliwa watoto watatu.

Kuhusu kuugua kwake, ratiba mliyoshika inasema alipoteza usikivu kutokana na ajali. Niliandika hivyo mimi mwenyewe. Mniwie radhi, hapa naiacha karatasi.

Kufikia mwaka 2004 kaka alikuwa na wati elfu mbili na maboksi manne yaliyomzidi kimo. Alikifikisha mwisho kile kidude cha amplifaya cha kuongeza na kupunguza sauti, akaking'oa kwa koleo, akamkabidhi Kifaru mbele ya watu wote. "Kitunze wewe," akamwambia. "Mimi sina haja ya kupunguza." Watu walishangilia. Nami nilishangilia.

Jumapili ya tarehe 14 Machi boksi moja lilianza kukwaruza. Kaka aliegemeza gitaa kwenye kiti, akapiga magoti, akabandika sikio kwenye spika kutafuta kilicholegea.

"Zima kwanza, ndugu yangu," Kifaru alimwambia.

"Nizime, halafu useme nimeshindwa?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gitaa na jagi la maji ya glasi. Nilikuwa na miaka thelathini, si mtoto. Miaka yote ile nilijaza glasi, na sikuwahi kuimwaga hata mara moja. Nikanyoosha kidole, nikauvuta ule uzi mnene.

Kifaru aliruka akazikamata nyuzi kwa viganja vyote viwili kuzinyamazisha. Kaka alipogeuka, damu ikimtoka sikioni, alichokiona ni mikono ya Kifaru juu ya gitaa.

"Umeniua, Kifaru!"

"Si mimi."

"Ni nani basi?"

Kifaru alinitazama. Alisubiri niseme. Nami nikaenda kuiokota glasi iliyoanguka kutoka kwenye kigoda.

Hakunitaja. Hakunitaja siku ile wala baadaye, hata watu walipoacha kumpa kazi na kumwita muuaji wa masikio. Sikio la kulia lilikufa palepale. La kushoto, lililokwisha kuchoshwa na Jumapili zote zile, lilifuata mwaka 2009. Tangu hapo tulizungumza na kaka kwa daftari. Siku moja aliniandikia, "Kifaru bado anapiga?" Nikamjibu, "Sijui." Nilikuwa na kalamu mkononi na ukurasa mzima mtupu, nikaandika neno moja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi uliopita Kifaru alikuja wodini, akakiweka kile kidude juu ya meza, karibu na dawa. Kaka akageukia ukutani. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji, nikakoroga tu. Siku tatu baadaye ndipo nilipoandika yote, kurasa mbili, nikampelekea. Ilikuwa tarehe 2 Juni 2023, saa tano na robo asubuhi. Nilikuta shuka limeshatolewa kitandani. Muuguzi aliniambia amefariki saa tano kamili. Kurasa hizo ninazo hapa mkobani, na hazina msomaji tena.

Wifi, nisamehe ukiweza, usipoweza, nitakuelewa. Wanangu, mnaniita shangazi, na asubuhi hii mmemzuia mtu langoni kwa sababu yangu. Mfungulieni. Alimpenda baba yenu kuliko nilivyompenda mimi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Ameacha rafiki mmoja ambaye jina lake sikulichapisha. Ameacha na mdogo wake, ambaye amesema yote mbele ya watu wote, isipokuwa yule mmoja aliyestahili kuyajua.

Apumzike kwa amani ambayo sikumpa alipokuwa hai.