Mlolongo wa Lugha za Kompyuta

Kando ya duka la mbolea la Kinyanjui, pale Eldoret, kulikuwa na benchi la miguu mitatu na tofali moja. Mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mgombea wao, Kipngetich alilifikia asubuhi amekunja uso. Wenzake walimwita Diski, maana ndiye aliyeendesha kompyuta ya chama cha wafugaji. Kila ng'ombe alikuwa na namba ya tarakimu ishirini, na lugha ya kompyuta hiyo, Beisiki, ilizigeuza nne za mwisho kuwa sufuri. Ng'ombe wa kijiji cha Ziwa na wa kijiji cha Plateau wakawa mmoja. Fahali mmoja akaandikwa mume wa mamake. Ifikapo saa nne mwenyekiti alitaka apewe jina la lugha itakayobeba namba hizo, la sivyo kompyuta iuzwe na Diski arudi kwao Chepsaita kukama.

— Beisiki ni debe, Kinyanjui alisema, akipokea kahawa kwa Nyaguthii, muuza kahawa wa hapo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana inamwagika.

— Shika Koboli, akasema Gerishon, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Benki zote ziko nayo.

— Koboli inafika tarakimu kumi na nane, inasimama, Diski akajibu. Lakini kuna Reksi. Nilisoma kwa gazeti. Hiyo unaipea namba ndefu kama reli, inameza.

— Reksi si ni jina la mbwa? Nyaguthii akauliza.

— Na ng'ombe atachungwa na nani, paka? Kinyanjui akamjibu. Mimi niko Reksi.

— Nyinyi hamjui kitu! Redio akafoka. Hizo tarakimu nne wazungu wanazificha makusudi, ndio tusijue tuko na ng'ombe wangapi. Mficha uchi hazai!

— Sasa uchi umeingiaje hapa? Nyaguthii akauliza.

— Tupige mlolongo! Redio akasema.

Wakasimama. Nyuma ya Reksi walikuwa Diski, Kinyanjui na Nyaguthii na birika lake. Nyuma ya Koboli, Redio peke yake.

— Koboli imeshinda, Redio akatangaza.

— Na uko mmoja? Diski akauliza.

— Kwani kwa ule mlolongo wa wabunge, mstari mfupi uliposhinda, wewe ulikuwa wapi?

Kinyanjui akaangalia barabara huku na huku kwanza, ndipo akacheka.

Mama mmoja alikuwa amesimama hapo akiwasikiliza. Alikuwa Mama Jepkemboi wa Ziwa, na alikuwa akitafuta ofisi ya chama kwa sababu ng'ombe wake, Chelel, alikuwa ameandikwa amekufa.

— Kijana, hizo namba mnafanyia hesabu?

— Ndiyo, Mama. Ni namba.

— Sasa Chelel yangu mnaijumlisha na nini?

Redio akazimika, mara ya kwanza tangu benchi lipate tofali. Kwenye mashine ile ile, Diski akakumbuka, majina ya wafugaji yaliandikwa herufi kwa herufi, na hakuna lililowahi kupoteza hata moja; namba nazo zingeandikwa kama majina, kwa Beisiki ile ile. Aibu ilimshika, kisha furaha. Akaweka kikombe chini akatoka mbio kwenda ofisi ya chama.

— Diski! Redio akamwita. Waambie Koboli ndiyo ilishinda!