Naisiae Kisioki, Binti wa Terrat Aliyechora Nyumba

Wazee wetu, shikamooni, ndugu na majirani, poleni na safari na poleni na msiba. Familia imenituma mimi Lemayian, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu Naisiae, ambaye hakupenda kusifiwa, ila leo atatuvumilia.

Naisiae alizaliwa tarehe 12 Aprili 1971 hapa Terrat, mtoto wa kwanza wa mzee Kisioki na mama Nkasiogi, akabatizwa katika usharika wetu wa Kilutheri, akaanza shule ya msingi mwaka 1979, na mwaka 1989 akahitimu kidato cha nne, wa kwanza katika boma letu, wavulana tukiwemo.

Mwaka 1990 alichaguliwa kusomea usanifu wa majengo katika chuo cha ufundi mjini Arusha, na hapo ndipo moto ulipowaka, kwani baba alikataa katakata, akisema kuchora majumba ni kazi ya wanaume wa mjini, na kwamba binti akienda, yeye hatalala kamwe katika nyumba aliyoichora. Mama, aliyekuwa akikandika ukuta kwa udongo na samadi, alimjibu bila kugeuka: “Baba Naisiae, nyumba unayolala niliijenga mimi, na hujawahi kulala nje. Mtoto anakwenda kusomea kazi ya mama yake.”

Akaenda. Katika zoezi la kwanza alichora mlango wenye kona ya kukinga upepo, kama nyumba zetu, mwalimu akamkata alama na wenzake, wavulana watupu, wakacheka, naye akajifunza milango iliyonyooka, maana mcheza kwao hutunzwa, na pale hapakuwa kwao. Mwezi Juni 1993 alihitimu ufundi sanifu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, ajira za serikali zimesimama na kila mwenye duka anataka ghorofa, basi akafungua ofisi ya michoro Daraja Mbili, pale pale Arusha, pamoja na mwenzake Aikaeli, na nyumba nyingi mnazozisifia Kimandolu zilianzia mezani kwake. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu Ndesanjo, mfanyabiashara kutoka Machame, wakajaliwa Anande na Irine. Mwaka 1998 aliwajengea wazazi nyumba hii tuliyoketi mbele yake, mlango una kona na hakuna wa kukata alama, mama akahamia, baba akabaki kwenye ile ya zamani, mbishi wetu huyu, na ananisikia.

Novemba 2002 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Arusha na Dar es Salaam, na nguvu zilipomwishia aliomba aletwe hapa kwa mama. Siku aliyofika, baba alichukua blanketi na fimbo yake, akaingia, akaomba aonyeshwe pa kulala, na hajahama tena. Naisiae alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2003.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kimandolu alikoishi na familia yake, usharika, na mafundi wote aliofanya nao kazi.

Tangu msiba uanze, kila mgeni anayefika mlangoni, baba humshika mkono, akamwambia kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili asije akakosa kuelewa, kwamba nyumba hii imechorwa na binti yake. Umemsikia, dada. Sasa pumzika kwa amani.