Nusu ya Bukuru

MESHACK: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

ELIDA: Kaka Meshack, ni mimi.

MESHACK: Mimi nani? Namba hii siijui.

ELIDA: Elida. Wa Ujiji. Simu yangu imezima, hii nimeazima kwa mama mmoja hapa.

MESHACK: Aa, binti Kasongo! Mwakeye, dada. Habari za huko ziwani? Ndizi zangu zilifika au yule wa bajaji alizila njiani?

ELIDA: Zilifika. Shikamoo, kaka.

MESHACK: Marahaba. Mbona sauti iko hivyo?

ELIDA: Baridi. Uko wapi? Mama mkubwa yuko karibu?

MESHACK: Yuko ndani, amejilaza. Mimi niko uani nimesimama juu ya jiwe kama mbuzi. Si unaijua Kalinzi, mtandao mpaka uuparamie.

ELIDA: Basi kaa hapo hapo. Asisikie.

MESHACK: Asisikie nini?

ELIDA: Mama alianguka jana jioni. Alikuwa anapika. Nilimkuta chini pale mafigani, mwiko bado ameushika.

MESHACK: Mama mdogo? Tena?

ELIDA: Tena. Kiharusi kile kile, kimerudi. Tuko hospitali huku mjini tangu jana.

MESHACK: Yoo! Mungu wangu. Sasa si alikuwa kwenye ule mradi? Vile vidonge vya utafiti? Si mlisema ndivyo vinazuia kisirudi?

ELIDA: Sikusema vinazuia. Nilisema wanachunguza kama vinazuia.

MESHACK: Ndiyo hiyo hiyo.

ELIDA: Siyo hiyo hiyo, kaka. Sikiliza, simu ni ya watu. Sista Lyse, yule muuguzi wa utafiti, amesimama hapa pembeni yangu. Anataka kujua kitu kimoja tu. Mama alikuwa anameza vidonge vyote?

MESHACK: Sasa mtu wa Kalinzi atajuaje kinachomezwa Ujiji?

ELIDA: Unajua.

MESHACK: Elida, mimi ni mtu wa kahawa na ndiz—

ELIDA: Kila ukishuka na ndizi, mama alikuwa anakufungia kitu kwenye pindo la kitenge upeleke kwa mama mkubwa. Mimi nikadhani ni dagaa.

MESHACK: Dagaa walikuwemo.

ELIDA: Na nini kingine?

MESHACK: Mtandao unasumbua, dada.

ELIDA: Meshack, na nini kingine?

MESHACK: Mama mdogo anasemaje mwenyewe? Muulizeni yeye.

ELIDA: Hawezi kuongea. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

MESHACK: Nusu.

ELIDA: Nusu nini?

MESHACK: Nusu nusu. Alikuwa anavikata kwa wembe. Kila kidonge. Nusu yake, nusu ya mama, ya Bukuru wake. Mimi mbebaji tu, dada, naapa. Nilimwambia mama mdogo hizi dawa za watu zina masharti, akanitolea macho. Akasema, mimi na Bukuru tulilala tumbo moja, leo niletewe uzima nile peke yangu?

ELIDA: Uwii.

MESHACK: Si unawajua? Chungwa moja linakatwa. Kitenge kikinunuliwa ni doti mbili sare, mpaka na uzee huu. Ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzie, mwenzie anaumwa. Tumekuzwa hivyo wote, hata wewe uliyezaliwa Ujiji.

ELIDA: Na mama mkubwa ana presha?

MESHACK: Anayo. Walikuja kupima watu pale sokoni, akaambiwa aende kliniki haraka. Mama mdogo akamtumia salamu: kliniki ya nini, mimi dawa ninazo.

ELIDA: Mlinifanya mjinga, kaka! Kila Sista Lyse akija nyumbani anakuta vidonge vimeisha sawasawa. Akamsifu. Kwenye mkutano wa wagonjwa wakamsimamisha mama mbele, wakampigia makofi, eti mfano wa kuigwa! Akarudi nyumbani anacheka mpaka machozi. Mimi nikajua anafurahia makofi.

MESHACK: Usiwaambie.

ELIDA: Nini?

MESHACK: Hao wa utafiti. Waambie alimeza vyote. Mama huku akija kujua kwamba nusu yake ndiyo iliyopungua kwa mwenzie, atasema nimemla pacha wangu. Hatakula tena huyu. Namjua.

ELIDA: Nisipowaambia wataandika kwamba dawa imeshindwa kwa mtu aliyeimeza yote. Halafu wanaitupa. Kama ndiyo iliyofaa je? Mama wa mtu mwingine anakosa dawa kwa ajili ya wembe wa mama yangu?

MESHACK: Na kama haifai?

ELIDA: Wengine wanapewa mpya, wengine ile ya zamani, sura moja, hata Sista mwenyewe hajui nani kapewa ipi. Lakini iwe mpya iwe ya zamani, nusu ni nusu! Haikumtosha yeye wala—

[mtandao unakwaruza]

MESHACK: —sikii. Elida? Unakatika.

ELIDA: Nasema nitawaambia. Na wewe usimwambie mama mkubwa chochote. Nitakuja huko mwenyewe.

MESHACK: Atakuwa ameshajua.

ELIDA: Nani kamwambia?

MESHACK: Aambiwe na nani? Si pacha? Tangu alfajiri hayuko sawa. Kashika kikombe, kikamponyoka. Namuuliza, anasema mkono umelala. Nikajisemea, leo mama mdogo Butoyi ana jambo huko Ujiji. Ndiyo maana hata ulivyopiga sikushtuka sana. Hawa mmoja akiumwa, mwingine anahisi. Siku unazaliwa wewe, huku mama aliacha jembe akajikunja shambani, watu wakakimbilia kumbeba. Ulipotoka tu, akainuka akaendelea kul—

ELIDA: Mkono upi?

MESHACK: —kulima.

ELIDA: Kaka. Mkono upi umelala?

MESHACK: Wa kulia. Kwani wa mama mdogo ni upi?

ELIDA: Achana na mama mdogo! Mama mkubwa anaongea?

MESHACK: Anaongea, ila maneno yanateleza. Kama mtu aliyepitia kwa wauza pombe. Nikamwambia lala, mama, mwenzio akipata nafuu na wewe utapata.

ELIDA: Mungu wangu. Mungu wangu, Meshack.

MESHACK: Nini?

ELIDA: Nenda ndani. Sasa hivi. Mwambie acheke.

MESHACK: Acheke? Na habari hizi?

ELIDA: Acheke tu, umtazame mdomo! Halafu anyanyue mikono yote miwili. Halafu umuulize jina lake. Simu iache juu ya jiwe, usikate. Kimbia!

[upepo, mtandao unakwaruza]

ELIDA: Kaka? ... Bado kidogo na simu yako, mama, nakuomba. Ni mgonjwa. Ndiyo, mwingine. ... Sista, kaenda kumtazama. Nusu, Sista. Alikuwa anameza nusu. Nusu nyingine ilikuwa inapanda Kalinzi kwa dada yake. Sikujua, nisamehe, mimi sikujua. ... Kaka? Haloo?

MESHACK: Elida.

ELIDA: Niambie.

MESHACK: Amecheka.

ELIDA: Amechekaje?

MESHACK: Upande mmoja. Upande wa pili umelala tu, mate yanatoka. Nimeyafuta.

ELIDA: Mikono?

MESHACK: Mmoja umepanda. Mwingine umebaki kwenye blanketi. Akautazama, akanitazama mimi, kama vile ni mimi niliyeuweka pale.

ELIDA: Jina?

MESHACK: Nimemuuliza, mama, jina lako nani? Akasema Butoyi. Labda alikuwa anamuulizia. Sijui. Nimemuuliza mara mbili, kasema hilo hilo.

ELIDA: Kaka, sikiliza vizuri. Hiyo si ya pacha. Ni yake mwenyewe. Ni kiharusi.

MESHACK: Hapana, bwana, hawa siku zote—

ELIDA: Ni chake! Kiko mwilini mwake, kiko mkononi mwake! Ana presha, hajawahi kutibiwa, anakula nusu ya dawa ya mtu! Ungekaa hapo unamngojea mama apone ndiyo na yeye apone?

MESHACK: Nilijua—

ELIDA: Ndiyo hivyo, ulijua. Sista anauliza, alianza lini hasa?

MESHACK: Alfajiri. Usiku alikuwa mzima kabisa, alinisema kwa kuchelewa kurudi.

ELIDA: Anasema saa zinakwenda. Mlete. Wanaweza kumpiga picha ya kichwa wajue ni damu imeganda au mshipa umepasuka, lakini afike. Afike mapema.

MESHACK: Nawasha pikipiki.

ELIDA: Usimpandishe pikipiki! Mtu hana upande mmoja, atajishikaje kwenye miteremko hiyo? Tafuta gari.

MESHACK: Gari huku ni la Wilfred, na lina kahawa limejaa.

ELIDA: Ashushe kahawa.

MESHACK: Wilfred! We Wilfred! ... Anakuja, yuko hapo ng'ambo ya mgomba. Wilfred, shusha magunia, mama kazidiwa! Shusha yote, nitakusaidia kupakia mwenyewe!

ELIDA: Mlaze ubavu kwenye gari, kichwa kiinuke kidogo. Na usimpe kitu mdomoni. Si maji, si dawa.

MESHACK: Hata dawa?

ELIDA: Umempa?

MESHACK: Nilimpa kidonge.

ELIDA: Lini?

MESHACK: Kabla hujapiga. Nusu zilizobaki zilikuwa mbili. Nikasema leo ameze zote, apate kizima, ili nguvu imfikie na mama mdogo huko aliko. Akapaliwa. Alikohoa sana, dada. Nikampiga mgongoni.

ELIDA: Oh, kaka.

MESHACK: Nimemuua?

ELIDA: Sijui. Hapana. Subiri... Sista anauliza, anapumua vizuri?

MESHACK: Anakoroma, namsikia toka hapa.

ELIDA: Amelala au anakoroma akiwa macho?

MESHACK: Macho yamefunguka kidogo, namwona dirishani.

ELIDA: Haya. Haya. Mtoeni nje sasa, kaka. Wanne mmshike na blanketi lake. Msimvute mkono ule.

MESHACK: Wilfred ameita watu. Wanakuja. Magunia yanashuka. Elida, hapo hospitali watampokea? Au watasema hayumo kwenye mradi wao?

ELIDA: Mradi una watu wake, hospitali ni ya wote. Sista ameita machela, itasimama mlangoni. Amesema atakaa na mimi mpaka mfike.

MESHACK: Ana hasira na sisi?

ELIDA: Hana. Hajaandika kitu bado. Amekaa chini sakafuni, ameshika kichwa.

MESHACK: Haya. Basi nipakie na vya mama mdogo. Maziwa yapo, kuna na maharage ya jana. Najua huko mgonjwa asipoletewa chakula na ndugu hali. Nibebe na uji?

ELIDA: Usibebe.

MESHACK: Hata maziwa? Anayapenda maziwa ya huku.

ELIDA: Beba vya mgonjwa mmoja tu, kaka.

MESHACK: Wako wawili, Elida.

ELIDA: Mmoja.

MESHACK: Elida.

ELIDA: Ego. Ndiyo, kaka.

MESHACK: Tangu saa ngapi?

ELIDA: Usiniulize saa.

MESHACK: Dada, saa ngapi?

ELIDA: Nimesema usiniulize! Ukijua saa utanirudia na mambo yako ya mapacha, utamwacha mama mkubwa kitandani useme imeandikwa. Haijaandikwa! Yule amekwenda, huyu bado anapumua, mlete huyu!

MESHACK: Yoo, mama mdogo... Mama mdogo we...

ELIDA: Usilie hapo. Atakusikia. Nilikupigia nikuambie toka mwanzo, mdomo ukagoma. Nikaanza na vidonge. Nisamehe. Lia ukishamfikisha, nitalia na wewe, mimi mwenyewe bado sijaanza.

MESHACK: Wanamtoa sasa. Anatutazama. Nimwambie nini?

ELIDA: Asiambiwe kitu. Leo asiambiwe kitu na mtu yeyote, na Wilfred mwambie hivyo hivyo.

MESHACK: Na kama vingekuwa vizima—

ELIDA: Nenda, kaka.

MESHACK: —kama angevimeza vyote yeye mwenyewe, mimi nisivibebe—

ELIDA: Salio linalia, nenda! Mshike kichwa njiani, mwambie derev—

[simu imekatika]

MESHACK: Haloo? Elida? ... Haloo? ... Naja, mama, naja. Polepole na huo mkono, jamani. ... Ni Elida, mama. Anakusalimu. Anasema huko wote wameamka salama.