Springi ya Jumamosi

Kwenye barabara ya Haecht, mtaa wa Schaerbeek huku ughaibuni, mbele ya duka la mashine za kufulia, kuna benchi la mbao. Kila Jumapili alasiri, nguo zikizunguka ndani, Waswahili wa mtaa huu huzungusha maneno nje. Bibiane huja na chupa yake ya kahawa, ndiyo maana wanamwita Maman Thermos. Rigobert ni Msabato asiyetaka watu wasahau, kwa hiyo jina lake ni Sabato. Hamza, kijana wa Tanga, wamempa udaktari kabla chuo hakijampa. Na Ngoy ni Amortisseur, yaani shokapu, kwa sababu alitengeneza pikipiki Kalemie miaka kumi na minane kabla ya kuja kupanga masanduku kwenye bohari la Anderlecht.

Jumapili ile Ngoy alifika na neno. Binti yake, Précieuse, ni muuguzi kaskazini mwa Sweden. Huwazungukia wazee majumbani kwao kwa pikipiki ya theluji: mbele mbao mbili za kutelezea, nyuma mkanda unaosukuma. Alipokabidhiwa ile mashine ilimrusha kama punda mpaka mgongo ukamuuma. Ngoy hakuwa ameiona hata siku moja, ila springi ni springi. Akamuuliza aliyeiendesha kabla yake ni nani. Ilikuwa ni jitu la kilo mia na kumi, na Précieuse ana hamsini na nane. Basi akamwelekeza kwa simu: chini ya kiti kuna vishikizo viwili vyenye ngazi nne, kila ngazi inaikaza springi zaidi, ateremshe kutoka ya nne hadi ya kwanza, kisha akae aone. Isiposhuka kabisa, itamrusha. Ikishuka mno, itagonga chini. Ishuke theluthi moja tu. Précieuse akafanya hivyo, mgongo ukapoa, na benchi zima likajisifu wiki mbili.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa mashine ilikwenda vizuri. Kila Jumamosi iligonga chini, usukani ukakataa kushika, na Jumamosi hii ya jana ilikuwa imemwangusha katikati ya ziwa lililoganda. Ubao mmoja ulipinda. Mkuu wake alimwambia akianguka tena atarudisha funguo na kupelekwa jikoni. Ngoy alilieleza hilo kwa sauti kavu. Hakuwaambia kwamba hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo binti yake alikuwa akiisimulia huku akicheka.

— Jumamosi ni siku ya Bwana, alisema Rigobert. Ile machine njo inamukumbusha. Donc arudishe funguo Ijumaa magaribi, ressort, ile springi, itapona yenyewe.

Hamza alisema dini haina neno hapo. Kosa ni mafuta ya ndani, yakipata baridi huganda.

— Samaki mkunje angali mbichi, mzee wangu. Aipashe moto kwanza.

Bibiane akauliza kama baridi ya kule inajua kalenda. Hamza alifikiri kidogo, kisha akasema inawezekana, maana Jumamosi viwanda hufungwa, hewa ikapoa. Bibiane hakuridhika. Yeye alitaka kujua mtoto huendesha amekaa au amesimama, na Ngoy alipojibu kwamba husimama kwenye matuta na kukaa kwenye tambarare, Maman Thermos akapata jibu lake: Ijumaa vijana hucheza muziki, kwa hiyo Jumamosi Précieuse hukaa tu, hana nguvu ya kusimama.

— Muntu mwenye kuchoka anakuwaka na kilo mingi. Usingizi nayo iko na uzito. Haba na haba hujaza kibaba.

Rigobert, kwa kuona dini imekataliwa, akahamia kwenye madini. Chini ya lile ziwa kuko chuma, alisema, na chuma huita chuma. Siku za kazi wachimbaji hukisumbua, hakina nafasi. Jumamosi wakipumzika, kinavuta kila kinachopita juu. Hamza alianza kukokotoa nguvu ya uvutano mgongoni mwa risiti. Ngoy alitazama kalamu ikienda, asione hata tarakimu moja.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka kijana mmoja mwenye koti la wapeleka chakula. Alijitaja kuwa Hervé, wa Uvira, mgeni mtaani. Bibiane akammiminia kikombe. Alisikiliza mpaka kahawa ikafika nusu.

— Pardon, papa. Jumamosi anabebaka nani nyuma?

Tramu ilipita. Hamza aliacha kuandika. Rigobert alimtazama Bibiane, Bibiane akamtazama Ngoy. Kule Kalemie, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kabla ya kushika spana. Dereva huapa kwamba anabeba mmoja, springi inasema watatu. Kwa binti yake hakuuliza.

Alisogea hadi pembeni ya ukuta, akapiga simu.

— Jumamosi muko wangapi pale juu?

Précieuse akajibu kwa sauti ya chini.

— Tuko babili, papa. Ni maman moja muzee, iko na miaka makumi nane na tatu. Bwana yake iko mu maison de repos, nyumba ya bazee, ngambo ya ziwa. Auto hakuna mpaka theluji iishe.

— Ku kazi banajua?

— Hapana. Imekatazwa kubeba muntu. Jana tulianguka yeye na mimi, hakuumia, na hakuambia muntu.

Ngoy aliupima ukuta kwa kiganja. Angeweza kumwambia aache, na lingekuwa neno la baba mwenye akili. Aliuliza yule bibi ana kilo ngapi. Sitini, pengine zaidi kwa makoti.

— Bon. Ukimubeba, weka ngazi ya nne, vishikizo yote mbili sawasawa. Nyuma ikizama, mbao za mbele zinakuwa nyepesi, njo maana usukani haishike. Ukimushusha, rudisha ya kwanza. Usisimame akiwa nyuma. Naye anakushika wapi?

— Ku mabega.

— Akushike ku kiuno.

Aliporudi kwenye benchi alisema tu kwamba mzigo umepatikana. Rigobert akauliza mzigo gani. Ngoy akamwomba Bibiane kahawa, lakini ilikuwa imekwisha.

Jumamosi iliyofuata, akiwa boharini, simu ilitetemeka mfukoni. Alisubiri mapumziko ndipo akasoma. Haikugonga chini, papa, Précieuse aliandika. Tulivuka kwenda na kurudi. Mume wa yule bibi hakumtambua mke wake, ila alimuuliza kama njia ilimsumbua. Bibi akamjibu kwamba njia ilikuwa laini.