Bi Funguo na Dakika Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msimamizi wa majengo na mwongoza wageni wa mtaa wetu mkongwe wa nyumba za manispaa anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye faili. Mtaani ni Bi Funguo.

Alianza kwa kufagia ngazi. Mwaka wa nne akakabidhiwa funguo za akiba za nyumba zote mia moja na kumi na mbili, na tangu hapo tukawa tunamsikia kabla ya kumwona. Ajabu ni kwamba hakuwahi kumfungulia mtu mlango wa nyumba ambayo mkaaji wake yumo ndani. Wageni waliokuja kutazama mtaa, wawe wanafunzi au wakubwa, walipewa sharti moja: piga hodi, kisha subiri. Aliwapigisha hodi hata namba tisa, nyumba ya maonyesho isiyokaliwa na mtu. Eti kuta zimezoea heshima.

Ndipo ikaja kamati ya kuamua kama mtaa ubomolewe au ukarabatiwe. Walikuwa na nusu saa tu, na walitaka kuona nyumba ya bibi wa ghorofa ya pili, ambaye hutembea kwa kushika ukuta. Mwenyekiti akaagiza ufunguo utumike. Bi Funguo akautia mfukoni. Watu saba wenye tai wakasimama koridoni dakika kumi na moja, hawana la kutazama ila mtaa wenyewe: upepo unaopita, ngazi zilizosuguliwa, vimo vya watoto wa vizazi vitatu vilivyochorwa kwenye fremu ya mlango. Bibi alipofungua aliwakaribisha vizuri, kisha akauliza ni nani kati yao amekuja kumvunjia nyumba. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mtaa ulikarabatiwa. Bi Funguo akaambulia barua ya onyo kwa kuchelewesha wageni. Aliyeichapa ni mimi, karani, nikihofia kibarua changu. Hakuninunia hata siku moja. Alinionyesha tu kwamba tarehe nimeikosea. Barua hiyo nimeomba iondolewe kwenye faili lake, na wiki iliyopita imeondolewa.

Leo wanangu wanakulia namba hamsini na nne, nyumba ambayo ingekuwa kifusi. Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na usingizi wa kutosha. Ukija kwetu najua utapiga hodi tu. Lakini usisubiri. Ingia.